Viungo Vilivyolegea: Sindano za Kichina na Mitishamba Vinasaidia Wapi

Kijitabu hiki ni cha mtu ambaye kifundo chake cha mguu hugeuka kila akikanyaga jiwe, ambaye bega lake limeshachomoka zaidi ya mara moja, au ambaye goti humwachia ghafla anaposhuka ngazi. Ni cha mama aliyejifungua miezi iliyopita na nyonga bado zinamuuma kila akigeuka kitandani. Ni cha kijana aliyekuwa akishangiliwa na wenzake kwa kukunja kidole gumba mpaka kikagusa mkono, na sasa hapiti siku bila maumivu. Wengi wao wamemeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo limekataa. Wanauliza swali la haki: je, sindano za Kichina na dawa za mitishamba zinaweza kukaza viungo vyangu?

Jibu tunalitoa mapema ili lisipotee katikati ya maelezo. Sindano zinaweza kupunguza maumivu, na kwa baadhi ya watu nafuu hiyo ni ya maana. Mitishamba michache nayo hupunguza maumivu kidogo. Hakuna sindano wala mzizi uliothibitishwa kukaza ligamenti iliyolegea au kuunga iliyokatika. Kinachokishika kiungo legevu kikatulia ni misuli iliyozoeshwa kazi hiyo, na kuizoesha huchukua miezi. Tiba ya sindano ina thamani kubwa pale inapompa mgonjwa nafuu ya kumwezesha kufanya mazoezi. Inakuwa hasara pale inapochukua nafasi ya mazoezi, au inapomchelewesha mtu aliyehitaji kupimwa.

Kinacholegea

Mahali mifupa miwili inapokutana pana mikanda imara inayoufunga mfupa mmoja na mwenzake. Mitaani tunaiita mishipa au kano. Hospitali huiita ligamenti, na humu tutatumia jina hilo ili tusiichanganye na kano zinazofunga msuli kwenye mfupa. Ligamenti zimefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ndizo zinazoliacha goti likunjike kwenda nyuma na kulizuia lisipinde upande.

Ligamenti ikivutwa kupita kiasi, nyuzi huchanika. Madaktari hupanga majeraha hayo kwa daraja 3: katika la kwanza nyuzi zimevutika na chache tu zimechanika, katika la pili ligamenti imechanika kwa sehemu, katika la tatu imekatika kabisa. Damu haifiki kwenye ligamenti kwa wingi kama inavyofika kwenye msuli, ndiyo maana inapona polepole. Siku za kwanza ni za uvimbe. Wiki zinazofuata mwili hujaza kovu laini, kisha kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kovu hilo hujipanga na kukomaa. Kovu likikomaa likiwa refu kuliko ligamenti ilivyokuwa mwanzo, kiungo hubaki kimelegea, mfano wa lastiki ya sketi iliyovutwa mpaka ikachoka.

Jambo moja hapa linawaumiza watu wengi kuliko mengine yote: maumivu huisha kabla ligamenti haijapona. Mchezaji anayeteguka kifundo Jumapili huweza kutembea bila kuchechemea baada ya wiki 2 au 3, akarudi uwanjani, akateguka tena palepale. Wa namna hii husemwa kuwa ana mguu mbovu. Tatizo lake halisi ni kwamba hakuzoesha mguu wake kusimama upya.

Wanaozaliwa na viungo vinavyonyooka mno

Wapo watu wasiokumbuka kuumia popote, na bado viungo vyao vyote vinakwenda mbali kuliko vya wengine. Hali hii hurithiwa. Huonekana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, kwa watoto kuliko watu wazima, na ni ya kawaida miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko Ulaya. Wengi wao hawana shida yoyote, na hakuna sababu ya kuwatia hofu.

Hospitali hutumia kipimo kiitwacho Beighton, ambacho hata nyumbani unaweza kukijaribu. Alama ni 9. Kidole kidogo cha mkono kikipinda nyuma kupita pembe mraba ni alama 1 kwa kila mkono. Kidole gumba kikigusa mkono wako upande wa ndani, juu ya kifundo, ni alama 1 kwa kila upande. Kiwiko kikipinda nyuma kwa zaidi ya nyuzi 10 ni alama 1 kila kimoja, na goti vivyo hivyo. Ukiinama magoti yakiwa yamenyooka na viganja vikatulia sakafuni, unaongeza 1. Mtu mzima mwenye alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa na viungo legevu mwilini kote. Aliyepita miaka 50, alama 4 zinatosha. Kwa mtoto ambaye hajabalehe ni 6.

Alama peke yake si ugonjwa. Zikiandamana na maumivu ya kila siku, viungo kuchomoka, ngozi inayovutika au kuchubuka kwa urahisi na makovu yanayopanuka, daktari atafikiria sindromu ya Ehlers-Danlos, ambayo jina lake limetokana na madaktari 2 wa ngozi, Edvard Ehlers wa Denmark na Henri-Alexandre Danlos wa Ufaransa, walioieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Mpangilio wa kimataifa wa mwaka 2017 ulitaja aina 13. Iliyo ya kawaida zaidi, ile ya viungo kulegea, haina kipimo cha vinasaba mpaka leo. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kumkagua. Aina nyingine, inayodhoofisha mishipa ya damu, ni adimu lakini inaweza kuua kwa mshipa mkubwa kupasuka. Ndugu yake ni sindromu ya Marfan: mtu mrefu sana, mwembamba, mikono na vidole virefu kupita kawaida, mara nyingi na macho yasiyoona mbali. Huyu anahitaji moyo wake na mshipa mkuu wa damu vipimwe kabla ya kufikiria sindano au mzizi wowote. Kama katika ukoo wenu kuna watu waliofariki ghafla wakiwa vijana, mwambie daktari hata kama hakukuuliza.

Kwa watoto wachanga, neno moja la kutia moyo. Kumbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko au kanga, miguu ikiwa imepanuka na kukumbatia mgongo wa mama, huiweka nyonga yake mahali inapotakiwa kukaa ili ikomae vizuri. Kumfunga mtoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja huongeza hatari ya nyonga kukaa vibaya. Bibi zetu walikuwa sahihi katika hili, na mama kijana asione aibu kubeba mwanawe mgongoni.

Siku 2 za kwanza

Ukiteguka, desturi ya nyumba nyingi ni maji ya moto yenye chumvi na mtu wa kukuchua kwa nguvu usiku uleule. Tafadhali ngojeni. Katika saa 48 za mwanzo joto na kuchuliwa huzidisha uvimbe. Pumzisha mguu, uinue juu ya mto, ufunge bandeji ya kubana isiyofanya vidole vife ganzi, na weka kitu cha baridi kilichofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa chache. Kukanda kwa maji ya moto kuna wakati wake, baadaye, uvimbe ukishapungua.

Usipoweza kupiga hatua 4 kwa mguu ulioumia, au mfupa unauma ukibonyezwa nyuma ya kifundo, upande wa ndani au wa nje, nenda ukapigwe eksirei. Mfupa uliovunjika na ligamenti iliyochanika huvimba kwa namna moja, na hakuna mkono wa mkandaji unaoweza kuvitofautisha kwa uhakika.

Tiba ya Kichina inavyoliona tatizo hili

Madaktari wa kwanza kutoka China walifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Mpaka leo timu za Zanzibar hutoka jimbo la Jiangsu na za Bara hutoka jimbo la Shandong. Kuanzia miaka ya 1990 kliniki binafsi za dawa za Kichina zilienea Dar es Salaam, na kwa hiyo msomaji wetu anapouliza kuhusu sindano anauliza kuhusu jengo analolipita akienda kazini.

Katika vitabu vya kale vya tiba hiyo, kikiwemo Huangdi Neijing kilichokusanywa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, ini ndilo linalotawala kano na figo ndizo zinazotawala mifupa. Mgonjwa aliyelegea magoti na kiuno huonekana kuwa na upungufu katika viungo hivyo viwili vya ndani. Ini na figo zinazozungumziwa humo si ini na figo za maabara. Ni majina ya nguvu na kazi za mwili kama zilivyofikiriwa zamani. Ukiambiwa kliniki kwamba figo zako ni dhaifu, usiende nyumbani ukilia kwamba una ugonjwa wa figo. Na ikiwa kweli unaogopa figo zako, kipimo cha damu na mkojo ndicho kitakachokujibu.

Kwa kano, sehemu inayochomwa kuliko nyingine ni Yanglingquan, iliyo upande wa nje wa mguu chini kidogo ya goti, mbele ya kichwa cha ule mfupa mwembamba. Mapokeo ya Kichina huihesabu kuwa makutano ya kano zote za mwili. Nyingine ni Zusanli, vidole 4 chini ya goti, ambayo hutumiwa kwa mgonjwa mchovu. Kisha huchomwa sehemu zinazokizunguka kiungo chenyewe.

Sindano: utafiti umeonyesha nini

Utafiti mkubwa tulio nao juu ya maumivu sugu ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012 na kupanuliwa mwaka 2018. Ulikusanya takwimu za wagonjwa 20,827 kutoka majaribio 39: maumivu ya mgongo na shingo, bega, magoti yaliyosagika na kichwa. Waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko wasiochomwa, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwepo bado mwaka mmoja baadaye. Walipolinganishwa na watu waliochomwa sindano za kuigiza, tofauti ilibaki, lakini ilikuwa ndogo.

Ujerumani jambo hili lilionekana wazi zaidi. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 1,162 wa maumivu ya mgongo. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu kwa sindano za Kichina halisi walikuwa asilimia 47.6, kwa sindano za juujuu zilizochomwa mahali pasipo na maana yoyote katika tiba ya Kichina, asilimia 44.2, kwa matibabu ya kawaida ya hospitali, asilimia 27.4. Tunalisoma tokeo hili hivi: sindano zinafanya kitu, ila mahali hasa pa kuchoma hapana uzito kama tunavyoambiwa. Ngozi na msuli vikichomwa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili hutoa kemikali zake za kutuliza maumivu. Muda wa kulala kimya ukihudumiwa na mtu anayekusikiliza nao una sehemu yake.

Kwa maumivu ya nyonga wakati wa ujauzito, ambapo homoni hulegeza ligamenti za fupanyonga ili mtoto apate njia, Sweden ilifanya utafiti mzuri uliotangazwa mwaka 2005 kwa wajawazito 386. Walioongezewa sindano, na walioongezewa mazoezi ya kuimarisha nyonga, wote walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa kawaida, na wa sindano walitangulia. Utafiti uliofuata, uliotumia sindano za kuigiza zisizopenya ngozi, haukukuta tofauti ya maumivu kati ya makundi. Kwa kifundo cha mguu kilichoteguka karibuni, majaribio yapo mengi, lakini yamefanywa ovyo kiasi kwamba wachambuzi walioyapitia mwaka 2014 walishindwa kutoa hukumu.

Angalia kinachokosekana katika habari zote hizi. Maumivu yamepimwa, usingizi na kazi vimepimwa. Ligamenti iliyolegea kuwa fupi na ngumu baada ya sindano haijaonyeshwa. Anayekuahidi hivyo anakuuzia matumaini, na bega linalochomoka au ligamenti ya ndani ya goti iliyokatika haviungi kwa kuchomwa.

Ukiamua kwenda

Hakikisha sindano zinafunguliwa mbele ya macho yako kutoka pakiti iliyofungwa, na baada ya kazi zinatupwa katika boksi la vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine inaweza kukupa homa ya ini B au virusi vya Ukimwi. Mwambie mhudumu kama una mimba, kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama una kifaa cha moyo mwilini, kama ngozi yako huchubuka kwa urahisi. Sindano ya kina kifuani, mabegani na juu ya mgongo inaweza kutoboa pafu. Hutokea mara chache, lakini mtu aliyechomwa huko akapata kichomi na kuishiwa pumzi asisubiri kesho.

Kwa mwenye viungo legevu kuna la ziada, na waganga wengi hawalijui. Misuli yake mara nyingi imekakamaa, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi ambayo ligamenti zimeshindwa. Analalamika kwamba amekaza, mhudumu anapapasa anakuta kweli amekaza, basi anamlegeza na kumnyoosha. Baada ya hapo kiungo kinabaki bila mlinzi. Omba sindano chache na zisizo za kina katika ziara ya kwanza, usibebe ndoo wala gunia siku hiyo, na katika siku hizo za nafuu fanya yale mazoezi yaliyokuwa yakikushinda. Ziara 6 zikipita bila badiliko lolote katika kutembea, kulala au kufanya kazi, usinunue nyingine 10 kwa sababu tu umepewa punguzo.

Mitishamba

Dawa ya Kichina inayotajwa zaidi kwa viungo legevu ni du zhong, gome la mti uitwao Eucommia ulmoides. Ukilivunja gome hilo, vipande viwili havitengani mara moja. Nyuzi nyeupe zinazong'aa huvutika kati yake, na nyuzi hizo ni aina ya mpira wa asili. Mtu wa zamani aliyeliona hilo akafikiria kano za binadamu hastahili kuchekwa. Hata hivyo mpira wa gome hauhamii gotini. Uchunguzi wa du zhong umefanywa zaidi maabara na kwa panya, na zaidi kuhusu mifupa na presha. Kwa binadamu mwenye ligamenti legevu hatuna jaribio la kutegemea.

Gome hilo mara nyingi huja ndani ya mchanganyiko uitwao Du Huo Ji Sheng Tang, wenye dawa 15, ulioandikwa na tabibu Sun Simiao katika karne ya 7 kwa ajili ya maumivu ya kiuno na magoti. Ndani yake mna mdalasini, jinseng na dang gui, na pia mna xi xin, mmea wa familia ya Aristolochia. Mimea mingi ya familia hiyo ina asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya wanawake 100 mjini Brussels, Ubelgiji, waliharibiwa figo na vidonge vya kupunguza mwili. Mzizi wa Kichina uitwao fang ji, ambao pia hutumiwa kwa viungo vinavyouma, ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, Aristolochia fangchi. Wengi wao walihitaji mashine ya kusafisha damu au figo mpya. China yenyewe iliondoa baadhi ya mimea hiyo sokoni mapema miaka ya 2000. Kwa hiyo unga usio na jina, au wenye jina la Kichina tu lisiloelezwa ni mmea gani, usiumeze.

Sumu ya haraka zaidi iko katika chuan wu, cao wu na fu zi, mizizi ya mmea uitwao Aconitum inayowekwa katika dawa na pombe za kutibu maumivu ya viungo. Isipochemshwa muda mrefu, huvuruga mapigo ya moyo. Midomo na ulimi hufa ganzi, kisha hufuata kutapika na moyo kwenda mbio. Hiyo ni dharura ya hospitali saa ileile, na maziwa hayatoi sumu hiyo.

Ya karibu na kwetu ni ubani na manemane. Wachina huiita ru xiang na mo yao na huitumia pamoja kwa mtu aliyeumia, na kwa karne nyingi waliipata kwa biashara ya bahari kutoka Somalia na Dhofar nchini Oman. Ubani wa India, Boswellia serrata, umejaribiwa kwa magoti yaliyosagika na umeonyesha nafuu ndogo ya maumivu. Tangawizi na manjano navyo vimeonyesha nafuu ya namna hiyo. Kwa kiasi cha chakula havina tatizo. Vidonge vya manjano iliyokolezwa pamoja na pilipili manga ni habari nyingine, kwa kuwa vimehusishwa na madhara ya ini.

Mwenye presha aogope gan cao, mzizi mtamu ulio katika michanganyiko mingi ya Kichina. Ukitumiwa siku nyingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Anayetumia warfarin, dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, asiguse dang gui wala dan shen bila daktari wake kujua. Mjamzito aache kabisa dawa za kuondoa damu iliyoganda, zikiwemo ubani na manemane za kumeza, niu xi na hong hua.

Na lipo jambo tunaloliogopa kuliko mizizi yote. Sehemu nyingi duniani vidonge vya asili vya viungo vimepimwa na kukutwa na steroidi au diclofenac zilizochanganywa kwa siri. Dalili yake ni kupona kwa ajabu. Maumivu ya miaka yanaisha kwa siku 3, hamu ya kula inapanda, uso unakuwa wa mviringo, sukari na presha vinapanda. Aliyetumia vidonge vya namna hiyo kwa wiki kadhaa asiviache ghafla, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake mwenyewe. Aende hospitali na kopo lenyewe.

Supu ya kongoro nayo huulizwa sana. Ni chakula kizuri. Kolajeni yake humeng'enywa tumboni kama protini ya maharage au dagaa. Haiendi gotini ikiwa nzima. Mwili huitengeneza kolajeni yake kwa protini na vitamini C, na mapera na ubuyu vina vitamini hiyo kwa wingi.

Kukandwa, kuumikwa, kuchanjwa

Kuchuliwa taratibu kwa mafuta kunaburudisha. Kuvutwa na kualishwa kwa kiungo legevu, hasa shingo, hapana. Mtu mwenye sindromu ya Down au baridi yabisi ya miaka mingi anaweza kuwa na ligamenti dhaifu kati ya mifupa 2 ya juu ya shingo, na kugeuzwa kwa nguvu kunaweza kuugusa uti wa mgongo. Kuumika na chale hakukazi ligamenti. Wembe mmoja kwa watu wawili huambukiza damu kwa damu.

Kazi ya misuli

Anza na kusimama. Karibu na ukuta, simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, goti likiwa limekunjwa kidogo sana, kisha badilisha. Fanya mara 3 kila mguu, kila siku, hata ukipiga mswaki. Ukizoea, fumba macho huku mkono ukiwa tayari kushika ukuta. Zoezi hili linazoesha misuli kupokea habari kutoka kwenye kiungo na kujibu kabla hakijageuka, na limethibitishwa kupunguza kuteguka upya kwa kifundo cha mguu.

Kwa goti na nyonga, lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo sakafuni, inua makalio, hesabu mpaka 5, shusha polepole, mara 10. Kaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika. Inuka kwa vidole vya miguu na ushuke taratibu. Kwa bega, sukuma ukuta kwa viganja, viwiko visinyooke mpaka mwisho. Siku 3 kwa wiki zinatosha, ukiongeza kidogokidogo. Aliye legevu asifanye mazoezi ya kujinyoosha mpaka ukomo wa kiungo, na asisimame magoti yakiwa yamerudi nyuma. Aliyefanyiwa upasuaji, mjamzito, au ambaye bega lake huchomoka aonane kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma hiyo, na ziara 2 za kufundishwa vizuri zinaweza kukupa kazi ya miezi 3 nyumbani.

Nenda hospitali

Usiende kliniki ya sindano kwanza kama goti lilitoa mlio na kuvimba saa ileile, kama limekwama halinyooki, kama kiungo kimechomoka na hakijarudi, kama kiungo kimekuwa chekundu na cha moto ukiwa na homa. Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, mikono yote miwili kufa ganzi baada ya kuumia shingo, au maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo kwa mtu mwenye viungo legevu ni mambo ya usiku uleule. Ukiandikiwa antibiotiki ya ciprofloxacin, mweleze daktari kuhusu viungo vyako. Tangu 2008 Marekani imeamuru dawa za kundi hilo ziwekewe onyo la kuharibu kano.

Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza lililoundwa na sheria hiyo husajili waganga, vituo na dawa. Una haki ya kuomba kuona cheti cha mganga na namba ya usajili ya dawa kabla ya kulipa. Asiyetaka kukuonyesha, ondoka. Dawa ikikudhuru, acha kuimeza, isipokuwa kama ni vile vidonge tulivyosema visiachwe ghafla, wala usitupe pakiti. Ipeleke hospitali pamoja na risiti, na mwambie daktari kila kitu ulichomeza, hata kile alichokukataza.